Shajara ya mradi: takwimu za uvuvi na matumbawe kati ya Shimoni, Mkinga na Pemba

Mwanzo wa kaskazi

Kumbukumbu hizi, zilizogawanywa kwa misimu ya pepo na mvua kuanzia kaskazi hadi demani, zinahusu kazi ya kikundi kidogo cha watafiti na wakusanyaji takwimu wa pande mbili za mpaka wa bahari kati ya Kenya na Tanzania. Eneo la kazi linaanzia Shimoni na Wasini upande wa Kenya, linapita Vanga na Jimbo, linaingia Tanzania kwa Jasini, Moa na vijiji vya pwani ya Wilaya ya Mkinga, kisha linavuka mkondo hadi pwani ya magharibi ya Pemba. Lengo letu ni dogo kuliko jina la mradi linavyodokeza, nalo ni kupata namna moja ya kuandika kinachovuliwa na namna moja ya kupima hali ya matumbawe, ili takwimu za upande mmoja ziweze kujumlishwa na za upande wa pili bila kubahatisha.

Wazo la kuwa na eneo la hifadhi ya bahari linalovuka mpaka huu si geni. Limejadiliwa kwa miaka mingi chini ya Mkataba wa Nairobi wa kuhifadhi mazingira ya bahari na pwani, uliotiwa saini mwaka 1985 na kuanza kutumika mwaka 1996, ambao wanachama wake ni nchi 10 kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, Ufaransa ikiwamo kwa sababu ya kisiwa cha Réunion. Vipande vya eneo hilo tayari vipo. Upande wa Kenya kuna Hifadhi ya Bahari ya Kisite na Mpunguti, ambayo historia yake inarudi miaka ya 1970, pamoja na mpango wa usimamizi wa pamoja wa vikundi vya Shimoni hadi Vanga. Upande wa Tanga kuna eneo la usimamizi shirikishi la Boma–Mahandakini, lililotokana na programu ya pwani iliyoanza mwaka 1994, na kusini zaidi kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga iliyotangazwa mwaka 2009. Pemba nako kuna Eneo la Hifadhi la Mkondo wa Pemba, lililoanzishwa mwaka 2005. Ukiviweka vipande hivi kwenye ramani moja unaona vinakaribia kushikana. Ukifungua majedwali ya takwimu zake unaona havizungumzi.

Kaskazi imekolea

Mkutano wa kwanza wa kikazi ulitumia muda mrefu kwenye swali ambalo sikulitarajia, nalo ni idadi ya sheria tunazoshughulika nazo. Wengi walikuja wakidhani ni mbili. Ukweli ni kwamba ni tatu, kwa kuwa uvuvi wa maji ya ndani na ya pwani si suala la Muungano, hivyo Zanzibar ina sheria yake ya uvuvi, wizara yake na taasisi yake ya utafiti. Mvuvi anayetoka Wete na kulala Moa kabla ya kwenda kuuza Shimoni amepita chini ya mamlaka tatu bila kuacha lugha yake, na mara nyingi bila kuacha jamaa zake, maana katika kila diko, yaani mahali pa kushushia samaki, hakosi mjomba au shemeji.

Jambo lililonifurahisha zaidi katika maandalizi ni kusoma upya barua walizobadilishana mawaziri wa nchi hizi mbili kati ya Desemba 1975 na Julai 1976 kuhusu mpaka wa bahari unaoanzia Ras Jimbo. Watu wengi huzitaja kwa ajili ya mstari wa mpaka peke yake. Ndani yake, hata hivyo, imeandikwa kwamba wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili wanaovua kwa ajili ya kujikimu wanaruhusiwa kuvua ndani ya maili 12 za baharini kila upande wa mpaka huo, na kwamba leseni, kanuni na desturi za uvuvi za kila nchi zinazowahusu wavuvi hao zitatambuliwa na nchi nyingine. Kwa hiyo mvuvi mdogo alipewa ruhusa ya kuvuka karibu nusu karne iliyopita. Kisichovuka hadi leo ni kumbukumbu ya samaki wake.

Hili ndilo limekuwa jambo kuu la mradi kwa maoni yangu, na nimeliomba liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango kazi badala ya aya ndefu kuhusu uchumi wa buluu.

Mwisho wa kaskazi

Tulianza na wavuvi wa dago, yaani wanaohama na vyombo vyao kwa msimu na kupiga kambi mbali na kwao. Wapemba wamekuwa wakifanya hivyo kwa vizazi, wakifuata samaki na upepo hadi pwani ya Kenya. Kwa mtakwimu, huyu ni mtu mgumu. Akishusha samaki Vanga anaweza kuandikwa kama mvuvi wa Vanga, na hivyo kuifanya Vanga ionekane ina samaki wengi kuliko bahari yake inavyoweza kutoa. Akishusha kambini, mahali pasipo na mwandikishaji, haandikwi kabisa. Na chombo chake kimesajiliwa Pemba, ambako orodha inasema kipo ilhali hakipo.

Nahodha mmoja mzee tuliyemkuta upande wa Kenya alisikiliza maelezo yetu kwa adabu, kisha akauliza: “Sasa mwanangu, mkishaniandika hapa na kule, kodi nitalipa wapi?” Swali hilo tumelijibu kwa maandishi katika lugha ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma: fomu haina jina la mvuvi, ina namba ya chombo na mahali kilikosajiliwa tu, na haipelekwi kwa mkusanya ushuru. Bila jibu hilo hakuna nahodha ambaye angetueleza ukweli wa alikovua, naye angekuwa na haki.

Matlai

Bahari imetulia, na kazi ya fomu imechukua nafasi yote. Tuliwaweka wakusanyaji wawili, mmoja kutoka kila upande wa mpaka, kwenye diko moja, waandike vyombo vilevile kila mmoja kwa utaratibu wa kwao bila kuangaliana. Walipomaliza tukaweka karatasi mezani.

Uzito wa samaki ulikaribiana. Majina ya samaki yalitatulika haraka, kwa kuwa tafi wa Kenya ndiye tasi wa Tanzania na kila mkusanyaji analijua hilo. Tumetengeneza orodha yenye picha na majina yote mawili, na jambo hilo limekwisha. Tofauti kubwa ilikuwa katika kupima juhudi ya uvuvi. Mmoja aliandika kilo kwa kila chombo kwa kila safari, mwingine aliandika kilo kwa kila mvuvi kwa kila siku. Ngalawa ya watu wawili waliotega madema, yaani mitego ya samaki, na mashua ya nyavu yenye watu zaidi ya ishirini zinakuwa sawa katika jedwali la kwanza, kwa sababu kila moja ni chombo kimoja. Katika jedwali la pili mvuvi aliyelala baharini anahesabiwa siku moja, sawa na aliyetoka alfajiri na kurudi adhuhuri. Ukijumlisha majedwali haya mawili unapata namba nzuri isiyo na maana yoyote.

Tumekubaliana kuandika vitu vitatu kila mara: idadi ya watu chomboni, saa ya kutoka na ya kurudi, na aina ya zana pamoja na wingi wake, iwe ni idadi ya madema, urefu wa wavu wa jarife au idadi ya mishipi. Kila nchi itaendelea kutoa taarifa zake za kitaifa kwa kipimo chake, kwa kuwa vitu hivyo vitatu vinatosha kukokotoa vipimo vyote viwili. Nimejifunza kwamba ushirikiano unakubalika haraka zaidi pale ambapo hakuna anayeambiwa aache mfumo wake.

Kulikuwa pia na suala la siku za kuandikisha. Kuchagua siku kwa kalenda ya ofisi kunapotosha, kwa sababu uvuvi wa pwani hii unafuata mwezi. Pweza huchokolewa kwenye mwamba wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake na ya watu wasio na chombo, ambao ndio wanaosahaulika kwanza katika takwimu. Zana nyingine zinafanya vizuri wakati wa maji mafu, yaani maji yasiyojaa wala kupwa sana. Tumepanga siku za kuandikisha zigawanywe sawa kati ya bamvua na maji mafu, na pande zote zitumie siku zilezile.

Masika

Mvua kubwa, safari chache. Nimetumia kipindi hiki kupanga hoja ya kisayansi ambayo ofisi za pande zote mbili zinaidai: kwa nini eneo hili lihesabiwe kuwa kitu kimoja?

Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki unakwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi unaongeza kasi na kuungana na mkondo wa Somalia; wakati wa kaskazi unapungua, na kukutana na mkondo wa Somalia unaoteremka kusini, karibu na pwani ya kaskazini ya Kenya. Mabuu ya samaki wengi wa miambani huelea majini kwa wiki kadhaa kabla ya kutua. Kwa maneno mengine, miamba ya Shimoni na Kisite iko chini ya mkondo kutoka Tanga na Pemba, na sehemu ya samaki wanaokulia Kenya walizaliwa Tanzania. Uvuvi wa baruti, ambao ulivunja matumbawe ya Tanga kwa miongo mingi kabla ya msako wa vyombo vya dola kuupunguza sana katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, haukuwa hasara ya Tanga peke yake.

Mto Umba nao unafuata mwelekeo huohuo. Chanzo chake kipo katika milima ya Usambara, lakini mdomo wake upo karibu na Vanga. Tope, mbolea na maji matamu yanayoamua uhai wa mikoko ya Vanga hutegemea kinachotendeka katika mashamba ya Lushoto na bonde la Mkinga. Mikoko ya Vanga, Jimbo na Kiwegu sasa inauza hewa ya ukaa, yaani wenyeji wanalipwa kwa ukaa unaohifadhiwa na msitu, kupitia mradi wa kijamii uliofuata mfano wa Mikoko Pamoja ya Gazi, iliyoanza mwaka 2013. Ni msitu unaoendelea hadi Tanzania bila kukatika. Mkandaa na mkoko vinaota pande zote mbili, ila mapato yanahesabiwa upande mmoja tu. Mwenzetu mmoja wa Mkinga aliuliza katika kikao iwapo mkata nguzo akizuiwa Jimbo hatavuka kwenda kukata Jasini. Ni swali la haki kabisa, na mipango ya hewa ya ukaa inalijua chini ya jina la uvujaji: uharibifu unahamishwa badala ya kukomeshwa. Kulijibu kunahitaji kupima misitu yote miwili kwa pamoja, kazi ambayo mradi wetu hauna fedha zake, lakini tumeiandika kama pendekezo.

Yote haya yakisomwa haraka yanaonyesha kwamba Tanzania inatoa na Kenya inapokea, na mwakilishi mmoja hakuficha kwamba ameliona hilo. Lakini soko la Shimoni na Vanga linanunua samaki na pweza kutoka kusini ya mpaka, wavuvi wa Pemba wanapata makazi ya msimu kaskazini, na eneo la Kisite lisilovuliwa ni mahali pa nadra katika pwani hii panapoonyesha miamba inavyokuwa bila uvuvi. Mtafiti wa Tanga anayetaka kujua amepoteza nini anahitaji mahali pa kulinganisha, na mahali hapo papo upande wa pili wa mpaka.

Hoja iliyonyamazisha ubishi ni ya joto. Mwaka 1998 maji ya moto yaliua matumbawe mengi katika magharibi ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2016 yakarudi, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la dunia nzima la kupauka kwa matumbawe, yaani kupoteza rangi kwa sababu ya joto. Desemba 2020 mtafiti Tim McClanahan alichapisha utafiti unaoonyesha kwamba kuna ukanda wa kilomita 400 hivi, kutoka Shimoni hadi kusini ya Dar es Salaam, ambako miamba imestahimili kuliko kwingine. Maelezo yake ni kwamba mifereji yenye kina kirefu, iliyochongwa zamani na maji ya barafu kutoka Kilimanjaro na Usambara, inaleta maji baridi karibu na miamba. Kwa hiyo hifadhi hiyo ya asili imekatwa na mpaka mara moja karibu kabisa na ncha yake ya kaskazini. Kama sehemu ya Kenya itapimwa kwa njia moja na sehemu ya Tanzania kwa nyingine, hatutajua iwapo ukanda huo unashikilia au unaanza kuachia.

Mwanzo wa kusi

Vipimajoto vimewasili. Kabla ya kuvigawa tuliviweka vyote pamoja kwenye ndoo moja ya maji na barafu, kisha kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu, tukalinganisha usomaji wake. Hatua hii inachosha na inaonekana ya kitoto, lakini tofauti tunayoitafuta baharini ni ndogo: nyuzi 1 ya Selsiasi juu ya wastani wa mwezi wa joto kuliko yote, ikidumu wiki kadhaa, inatosha kuyapausha matumbawe. Kifaa kinachokosea kwa nusu nyuzi kinaweza kuuonyesha mwamba wa Moa ukiwa hatarini na wa Wasini ukiwa salama, kumbe ni kosa la kiwanda.

Upimaji wa matumbawe wenyewe umekubaliwa kama ifuatavyo: kamba ya mita 50 kwa samaki, picha za chini kwa ajili ya matumbawe na mwani, upimaji katika vina viwili vilevile vya maji kila mahali, na picha zihifadhiwe zote hata baada ya kuchambuliwa, ili mtu wa upande wa pili aweze kuzisoma upya asipoamini matokeo. Nakiri kwamba kipengele hicho cha mwisho nilikishikilia kwa ukaidi. Taasisi hukubaliana kwa urahisi kubadilishana majedwali yaliyokamilika. Kubadilishana ushahidi ghafi ndipo kuaminiana kunapoonekana.

Kusi kali

Boti hazitoki mara kwa mara. Masuala ya vibali yameshika nafasi ya upepo.

Ukisimama Jimbo, Jasini ipo pua na mdomo. Mvuvi anapiga kafi na kufika. Mtafiti mwenye mwaliko rasmi anatakiwa kurudi barabarani hadi Lunga Lunga, apite kituo cha mpaka cha Horohoro, agongewe pasipoti, kisha ateremke tena hadi pwani, na vifaa vya kuzamia viorodheshwe kwa forodha kila anapopita. Kibali cha utafiti kinaombwa Nairobi kwa upande mmoja, Dar es Salaam kwa upande mwingine, na Zanzibar kwa utaratibu wake. Ofisi moja ilitutaka tueleze kwa maandishi kwa nini mtafiti wa nchi jirani anataka kuhesabu samaki wetu. Tumeeleza, kwa heshima, mara zaidi ya moja.

Sampuli ni shida kubwa zaidi. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo kipande kidogo kama ukucha hakiwezi kuvuka mpaka bila kibali cha kusafirisha, hata kama kinakwenda maabara iliyo karibu zaidi na kilikotoka. Tumeamua kuacha kuhamisha sampuli. Kila upande utachambua zake kwa mwongozo mmoja, na kitakachovuka ni matokeo. Ni suluhisho pungufu, maana maabara hazifanani kwa vifaa, lakini linaturuhusu kuanza.

Kitu pekee kilichokwenda bila tatizo lolote ni picha za pomboo. Pomboo wa nundu, aliye hatarini kutoweka, huonekana katika maji ya kina kifupi ya Shimoni na Wasini, na hutambulika kwa alama na mikato ya pezi la mgongoni. Picha haihitaji kibali cha forodha. Wenzetu walioko Pemba wameanza kutuma zao, na manahodha wa boti za watalii nao wanachangia, hasa sasa ambapo nyangumi wa nundu wanapita mkondo wa Pemba na kila mtu ana simu mkononi. Ubora wa picha unatofautiana sana; nyingine ni maji matupu yenye kivuli.

Demani

Upepo umelegea na ndipo tuliporudi kwenye madiko. Fomu mpya imeanza kutumika pande zote, kwenye karatasi kwanza na simu baadaye, kwa sababu mtandao wa Moa na wa Jimbo hauaminiki na simu inayokamata mtandao wa nchi jirani huandika saa na mahali kwa namna ya kushangaza.

Katika kikao cha robo hii tulitazama mfano wa kusini, kati ya Afrika Kusini na Msumbiji, ambako hifadhi ya bahari ya Ponta do Ouro ya Msumbiji, iliyotangazwa mwaka 2009 na ambayo sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Maputo, inapakana na hifadhi ya iSimangaliso ya Afrika Kusini. Mwaka 2025 UNESCO ilikubali Hifadhi ya Taifa ya Maputo iunganishwe na iSimangaliso kuwa urithi mmoja wa dunia. Wajumbe wengine walivutiwa na hadhi hiyo. Mimi nilivutiwa zaidi na ukweli kwamba kila nchi ilibaki na sheria yake na walinzi wake, na kilichounganishwa ni mipango. Hata hivyo mfano huo una mipaka yake kwetu: pale watu wa pwani ni wachache na utalii ni mkubwa, ilhali hapa kila mita ya mwamba ina mtu anayeitegemea kwa kitoweo cha jioni. Mpango utakaoigwa kutoka kule bila kuwahesabu wachokoa pweza hautafika mbali.

Suala la kufunga mwamba kwa muda kwa ajili ya pweza limejitokeza tena, safari hii kutoka kwa vikundi vyenyewe. Pweza hukua haraka, na kuufunga mwamba kwa miezi michache kunatosha kumfanya aongezeke uzito kwa kiasi ambacho mvuvi anakiona mwenyewe. Kijiji kimoja kikifunga peke yake, wageni hufika siku ya kufungua kabla ya wenyeji. Vikundi vya Jimbo na Jasini vimeuliza kama vinaweza kufunga na kufungua siku moja. Kisheria hakuna chombo kinachoweza kutoa amri hiyo kwa pande zote mbili. Kinachowezekana ni kila upande kupitisha sheria ndogo yake yenye tarehe zilezile, na sisi kugharimia kikao cha kuzichagua tarehe hizo.

Yaliyobaki kabla ya kaskazi kurudi: kibali cha Zanzibar hakijatoka. Nakala ya hifadhidata itawekwa Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, zote tatu zikiwa sawa, baada ya mjadala mrefu kuhusu nani awe na nakala kuu, ambao ulikwisha kwa kukubaliana kwamba nakala kuu haitakuwapo. Vipimajoto viwili vya upande wa Mkinga vinahitaji kubadilishiwa betri. Uandikishaji wa pamoja wa Jimbo na Jasini utaanza bamvua ijayo, na wakusanyaji wa Vanga wameomba fomu zaidi, kwa kuwa wavuvi wa dago wameanza kuulizia wapi pa kuandikisha.